Spana Ndani ya Soksi

Fundi alikuwa na sikio. Masikio mawili ya kawaida alikuwa nayo, hayo hata mimi na wewe tunayo, lakini hapa nazungumzia sikio la kazi. Angeweza kusimama kwenye harusi ya watu, sahani mkononi, muziki unapasua paa, mara akageuza shingo taratibu na kumwambia aliye karibu naye, "Choo cha huko nyuma kinapitisha maji." Ukienda kuangalia, unakuta tenki la choo linalia chini chini na mwenye nyumba ana mwaka mzima hana habari. Miaka thelathini na mitano ya ufundi bomba ilimpa sikio hilo, na mtaa mzima ulimheshimu kwa ajili yake. Aliyekinai alikuwa mkewe peke yake.

Mkewe alifundisha darasa la pili shule ya msingi, na hata wauza mboga walimwita Mwalimu. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja. Fungate yao, kama utaniruhusu niite fungate, ilidumu siku moja na nusu. Walikuwa wamepanga wiki nzima, lakini siku ya pili bomba kubwa la hospitali likapasuka, bwana harusi akaitwa, naye akasema anakwenda mara moja anarudi. Alirudi siku ya sita, ana tope mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake kwa raha ya kazi iliyokwisha vizuri. Bibi harusi alikuwa ameshafua shuka na kurudi kazini.

Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi. Siku ya mazishi ya mjomba wake Mwalimu, Fundi alitafutwa kila pembe akaja kupatikana jikoni, amelala chali chini ya sinki la wafiwa. Siku ya mahafali ya binti yao wa pekee, jina la mtoto lilipotajwa na watu wakapiga makofi, baba mtu alikuwa bustanini anakaza koki ya chuo. Na nyumbani kwao, bomba likileta matata, Mwalimu ndiye aliyeitwa kushika tochi. Alipiga magoti pale sakafuni nguo yake ya kazini ikilowa, huku sauti ikimtoka mume chini ya sinki: "Inua kidogo. Shusha. Mwalimu, nimulikie hapa, sikwambii umulike dari." Alishika tochi hivyo miaka nenda miaka rudi, na kama alikuwa na la kusema alilimeza.

Sasa mwaka huo Mwalimu alikuwa anastaafu. Binti yao, aliyeolewa mji wa mbali na kujaliwa mapacha, akampigia simu mama yake na kumwomba ahamie kwake moja kwa moja. Chumba kipo, wajukuu wapo, njoo upumzike mama. Kisha akaongeza neno ambalo Fundi alilisikia mwenyewe, maana simu ya Mwalimu inapiga kelele kuliko redio: "Baba hata hatagundua kama umeondoka."

Fundi alisubiri mkewe acheke. Mwalimu hakucheka. Alisema atafikiria, akakata simu, akaenda kuandaa masomo ya kesho yake. Wiki mbili baadaye binti akawatumia tiketi mbili na nafasi ya nyumba ya wageni katika mji mmoja wa pwani, mji wa vilima, ambao picha yake Mwalimu alikuwa ameibandika kwenye kabati la darasani tangu enzi hizo, ameikata kwenye kalenda.

"Siku nne," Mwalimu alimwambia mumewe wakiwa mezani. "Tutembee, tutazame vitu, tukae kama watu. Usishike spana. Ukishika hata mara moja, tukirudi nafungasha naenda kwa mtoto. Usiposhika, nabaki. Sina maneno mengi."

Fundi akaapa. Aliapa kwa moyo wake wote, na nataka ujue hivyo, kwa sababu lililofuata litakufanya umwone mwongo. Wakati wa kufungasha alichukua spana yake ndogo kuliko zote, urefu wake kidole na nusu, akaizungushia soksi, akaisukuma pembeni mwa begi. Hakukusudia kuitumia. Alijiambia kwamba kuna watu husafiri na dawa za kichwa na kichwa hakiwaumi.

Basi wakafika. Mji ule, bwana, ulijengwa na watu waliokuwa na ugomvi na magoti. Vilima saba au vinane vimebanana kando ya bahari, na nyumba zimepandana mabegani. Ukitaka kwenda dukani ni ngazi, ukitaka kurudi ni ngazi, na jirani yako wa pili unamwona visigino tu anapopita juu ya dirisha lako. Lakini kila mwisho wa barabara, hata kichochoro kichafu namna gani, bahari ilikuwa imekaa pale inakusubiri. Mwalimu alisimama kwenye ngazi ya kwanza, akaweka begi chini, akavuta pumzi ndefu.

Fundi naye alivuta pumzi, kwa sababu zake. Mji ule umekaa juu ya mwamba, na mwamba hauchimbiki, kwa hiyo mabomba yote ya maji yalipita nje. Yalipanda na ngazi, yalikumbatia kuta, yaliruka vichochoro juu ya vichwa vya watu, mengine yamefungwa kwa waya, mengine kwa matambara, jamani, kwa matambara! Ilikuwa sawa na kumpeleka mlevi katika mji ambao pombe inapita ukutani. Mwalimu alimwona anavyotazama, naye akakohoa. Fundi akageukia bahari haraka na kuisifu.

Nyumba ya wageni ilikuwa katikati ya kilima cha tatu. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene, mjane, anayemwita kila mtu mwanangu hata akiwa amemzidi umri. Aliwapa chumba cha ghorofani, dirisha linatazama ua wa nyuma, na ua wenyewe ulikuwa juu juu, karibu usawa wa dirisha, kwa jinsi kilima kilivyosimama. Kabla hata hajakaa kitandani Mwalimu akatoa ratiba. Alikuwa ameichora kwa rula, vituo vya kutazama kwa wino wa buluu, mapumziko kwa wino mwekundu, vipindi vya dakika arobaini arobaini. Kipindi cha mwisho cha siku ya nne kiliandikwa neno moja, Kilele, likapigwa mstari mara mbili. Ndipo mahali ilipopigwa ile picha ya kabatini.

Siku ya kwanza walikwenda makumbusho. Mlangoni watu walikuwa wamejazana, kila mtu anataka kuingia kwanza, na mwongoza wageni anapunga mikono hana la kufanya. Mwalimu alivumilia dakika mbili. Ya tatu akapiga makofi mara tatu, pa pa pa, na kabla hujapepesa macho watu wakawa wamesimama mistari miwili, wafupi mbele, warefu nyuma. Mwongoza wageni mwenyewe alijikuta ndani ya mstari, wa nne kutoka mbele. Huko ndani bwana mmoja mwenye mvi, mtu na heshima zake, alinyoosha kidole kabla ya kuuliza swali.

Walipotoka, Fundi akauliza kwa upole kama hiyo nayo ndiyo likizo.

"Mimi sikuahidi kitu," Mwalimu akajibu, na wakaendelea na ratiba.

Siku ya pili na ya tatu Fundi alijikaza kisabuni. Kati ya nyumba ya wageni na soko la samaki alihesabu mivujo tisa, na yote tisa akaipita uso mbele. Kwenye mnara wa saa alifumba macho, kwa sababu nyuma ya mnara kulikuwa na kiungo kinachotema maji kwa pembeni, na Mwalimu akamuuliza kama mandhari imemgusa. Akasema imemgusa sana. Duka la dawa lilipotokea akanunua pamba, akajitia masikioni, akadai upepo wa bahari unamchoma. Kuanzia hapo Mwalimu akawa analazimika kusema kila kitu mara mbili, lakini hakulalamika. Alikuwa mwanamke mwenye akili na aliona mtu anavyopigana.

Alasiri ya siku ya tatu walikaa kwenye ukuta mdogo wa ufukweni, wamevua viatu, miguu imevimba kwa ngazi. Mwalimu akauchukua mkono wa mumewe na kuugeuza kiganja juu, akautazama anavyotazama daftari la mwanafunzi aliyejitahidi.

"Umekauka," akasema. "Sijawahi kuuona umekauka."

Fundi alichomoa pamba ya sikio moja ili asikie vizuri. Walikaa na mikono yao imeshikana mpaka jua likawachosha, na alipokuwa akivaa viatu Fundi aligundua kwamba ana furaha, furaha ya wazi kabisa, na hakuna kitu kilichokuwa kimeziba wala kuzibuliwa. Akajiambia atashinda. Ilibaki siku moja tu.

Asubuhi ya siku hiyo moja, Mwalimu aliamka mapema, akapiga pasi nguo ya Kilele, akachukua taulo. Akamwambia mumewe kwamba anakwenda kuoga, dakika kumi na tano, na saa mbili kamili wanaondoka. Fundi akaketi karibu na dirisha ametulia kama maji mtungini. Pamba alikuwa ameiacha juu ya meza.

Pale uani palikuwa na koki ya kujazia ndoo. Ilivuja tangu walipofika, na mama mwenye nyumba aliiwekea beseni ambalo alilimwaga kila asubuhi bila hata kulitazama. Sasa koki inayovuja kwa mpangilio, tone, tone, tone, mtu anaweza kuizoea akaishi nayo. Hii haikuwa na adabu hiyo. Ilidondosha tone moja, ikanyamaza. Ikadondosha mawili kwa haraka, ikanyamaza muda mrefu mpaka ukadhani imeacha. Kisha moja tena. Fundi alikaa pale anasubiri tone kama mtu anayesubiri jibu la hospitali. Aliimba kidogo. Akahesabu vigae vya paa la jirani. Akasoma ratiba kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Halafu akaanza kupiga hesabu, na hapo ndipo alipokwisha. Kufunga maji, dakika moja. Kufungua koki, mbili. Kugeuza kile kipira cha ndani, ambacho bila shaka kimelika upande mmoja, moja. Kurudisha, mbili. Jumla sita, na Mwalimu ana kumi na tano. Angemwachia mjane wa watu zawadi na asingejua mtu. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye soksi kabla hajamaliza kujumlisha.

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana lilikuwa kosa la fundi mzuri, na mtu asiyejua kazi asingelifanya kamwe. Fundi alikuwa mtu wa tambarare. Huko kwao maji hutoka barabarani, yanaingia nyumbani, na mwisho wa yote ndiyo yanafika kwenye koki ya uani. Ukifunga pale uani umefunga uani tu. Lakini katika mji huu maji yalitoka juu, kwenye tenki kubwa lililo kileleni, yakashuka nyumba kwa nyumba kupitia nyua za nyuma, na yaliposhuka yalianzia uani ndipo yakaingia ndani. Kwa hiyo Fundi alipotoka uani, akachutama, akainua kifuniko cha zege, akaikuta koki kubwa iliyojaa kutu na kuizungusha mpaka ikagoma, hakufunga uani peke yake. Alifunga nyumba ya wageni yote pamoja na nyumba kumi na moja za chini yake.

Kelele zilianzia mbali. Kinyozi wa chini ya ngazi alitoka nje na mteja wake aliyepakwa povu nusu ya uso. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika bandarini kama kuna mtu amekufa huko juu. Mtu mwingine aligonga bomba kwa kijiko, kwamba eti maji yatakumbuka njia. Na Fundi, mwenye sikio lake lile la kusikia choo cha harusini, hakusikia hata neno moja. Alikuwa ameshaitoa koki, ameshika kipira kati ya vidole viwili, na kweli kilikuwa kimelika upande mmoja. Alitabasamu.

Dirisha dogo la bafuni likafunguka. Kichwa kikatoka, cheupe chote kwa sabuni, jicho moja limefumbwa na la pili limefumbuka.

"Fundi."

Hakupiga kelele. Mwanamke aliyeolewa na fundi bomba miaka thelathini na mmoja anajua maji yaliyokatika yenyewe na anajua maji yaliyokatwa.

"Fungua maji," akasema, na dirisha likafungwa.

Mtu aliyefumaniwa hafikiri sawasawa. Fundi aliambiwa afungue maji, naye akakimbilia ile koki kubwa na kuyafungua, huku ile koki ndogo iko mfukoni mwake na bomba liko wazi. Maji ya kilima kizima yakaruka juu kupita paa. Yakafagia nguo za mjane zilizoanikwa, yakampiga Fundi kifuani, yakamwangusha ndani ya beseni. Alipigana nayo pale chini dakika nzima, akafunga, akarudisha koki, akakaza, akafungua tena. Kisha kukawa kimya. Hakuna tone. Ilikuwa kazi safi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kazi safi haikumpa raha.

Mama mwenye nyumba alitoka akaona koki imekauka, akapiga vigelegele. Alimwita mwanangu, akambariki, akamwambia kuna sinki la jikoni nalo lina mwaka wa pili. Fundi alisimama katikati ya ua, analowesha mahali aliposimama, spana mkononi. Mwalimu akatoka. Alikuwa ameshavaa nguo ya Kilele, mwavuli kwapani, mkoba begani, na nyuma ya sikio lake la kushoto palibaki povu kidogo. Akamsalimia mama mwenye nyumba vizuri. Kisha akamfikia mumewe na kunyoosha kiganja, vile anavyonyoosha kwa mtoto aliyekuja darasani na manati. Fundi akaiweka spana pale. Mwalimu akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Kipindi kimeanza," akasema, akashika ngazi za kupanda, peke yake.

Fundi alikimbilia chumbani kubadili suruali. Suruali kavu ikamgomea kwenye miguu mibichi, akaruka kwa mguu mmoja chumba kizima, akatoka amevaa shati kinyume. Ngazi zilikuwa tupu. Ratiba alikuwa nayo Mwalimu, na njia za kwenda Kilele zilikuwa tatu, kila moja inajidai ndiyo fupi.

Lakini hakupotea, na nitakuambia kwa nini. Kwenye kituo cha kwanza cha kupumzikia alikuta watu wamesimama mbele ya kibanda cha vinywaji, mstari mmoja umenyooka, wafupi mbele. Akauliza. Wakamwambia kuna mama mmoja mwenye mwavuli amewapanga. Akashika njia hiyo. Juu zaidi alikuta vijana wawili, mume na mke wapya, wameketi kila mmoja pembe yake ya benchi wanatazamana kwa huzuni. Wakamweleza kwamba mama mmoja amewatenganisha kwa sababu walikuwa wanapiga soga katikati ya njia. Juu zaidi mzee mwuza magazeti alikuwa ameketi mgongo wima mno, na Fundi hakuuliza hata swali, alipita tu.

Alipanda. Magoti yalilia, kifua kilipiga, na mawazo yakamwandama kila kipandio. Kwanza aliwaza nani atamshikia tochi. Akapata jibu hapo hapo, kwamba tochi inaweza kufungwa kwa kamba kichwani, mafundi wengi wanafanya hivyo. Akapanda ngazi kumi nyingine. Kisha akawaza nani atamwambia afute miguu. Nani atasahihisha kwa kalamu nyekundu risiti anazowaandikia wateja. Nani atakaa upande wa pili wa ile meza na kusema sina maneno mengi, halafu ayaseme yote. Hapo akaogopa. Nasema waziwazi, aliogopa, mtu mzima aliyeingia kwenye mashimo ya majitaka ya mji mzima bila kushika pua. Binti yao alisema baba hatagundua. Angegundua kabla ya chai ya asubuhi.

Alipofika kituo cha tatu alisikia unyevu kwenye soksi. Akatazama chini, viatu vimelowa. Akatazama nyuma: ukutani, hatua tano tu alikotoka, bomba lilikuwa limepasuka na kumwaga maji ngazini kama mto, na yeye alikuwa amepita katikati bila kusikia. Alisimama kidogo kwa mshangao. Kisha akaendelea kupanda.

Kilele kilikuwa uwanja mdogo wa mawe wenye uzio wa chuma. Nyuma kulikuwa na lile tenki la mji mzima, kubwa, jeupe, lenye ngazi na mabomba manene ambayo Fundi angelipa hela kuyaona. Mbele ilikuwa bahari. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi ameikabili bahari, mwavuli umesimama kati ya magoti. Fundi akaenda akaketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, na kuligeuzia lile tenki kisogo.

"Nimeshika," akasema alipopata pumzi.

"Nimeona."

"Sina la kujitetea."

"Basi usijitetee. Tazama bahari."

Akaitazama. Ilikuwa kubwa, ya buluu pembeni na ya kijani karibu na miamba, na kisiwa kimoja kimelala huko mbali. Mwalimu akasema kwamba kwenye picha ya kalenda hapakuwa na uzio, na kwamba miaka ishirini alikuwa akiwafundisha watoto mwambao kwa picha hiyo, hajui upepo wake unanukiaje. Sasa anajua. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimtisha Fundi zaidi.

Nyuma yao, chini ya tenki, palikuwa na koki ya kunywea wageni. Tone. Kimya. Matone mawili. Kimya.

Fundi alikuwa ameisikia tangu alipoketi. Roho ilipomwona mkewe ikatulia, na sikio nalo likarudi kazini. Hakugeuka. Alikamata ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akakitazama kisiwa kile mpaka macho yakamtoka. Tone. Dakika tano zikapita, pengine kumi. Mwalimu akaanza kujigeuzageuza. Akasogeza mwavuli. Akafungua mkoba, akaufunga.

"Unaisikia?" akauliza mwishowe.

"Nini?"

"Hiyo koki."

"Koki ipi?" akasema Fundi.

Mwalimu akageuka akamtazama. Mshipa wa shingo ulikuwa umesimama. Jasho jembamba lilimtiririka. Na goti lake la kushoto, maskini, lilikuwa linaruka: mara moja, likatulia, mara mbili, likatulia, sambamba na matone. Mwalimu alijaribu kujizuia. Midomo ikamponyoka, kicheko kikatoka, akacheka mpaka akainamia mwavuli, akacheka mpaka machozi, na Fundi akaendelea kuikodolea bahari kwa kuwa hakuthubutu kufanya kingine.

Kisha akasikia zipu. Akasikia viatu vya mkewe vikitembea kwenye mawe kuelekea nyuma. Akasikia chuma kikigusa chuma, mzunguko mmoja mdogo wa kulia, kusita, kisha robo ya mzunguko, si zaidi, kwa sababu ukikaza zaidi ya hapo unaua kipira. Matone yakakoma. Hapo ndipo alipogeuka. Mwalimu alikuwa anaifuta spana kwa kitambaa cha mkononi.

"Nani kakufundisha?"

"Nimeshika tochi miaka thelathini na mmoja, Fundi," akasema. "Ulidhani nilikuwa natazama dari?"

Mwalimu akarudi akaketi, safari hii bila kuacha nafasi, akaitia spana kwenye mkoba wake mwenyewe. Fundi akauliza lile aliloogopa kuuliza, kwamba kwa mtoto anahamia lini.

"Siendi," akasema Mwalimu. "Tutakwenda kuwasalimia, mimi na wewe. Lakini tukirudi nyumbani, spana nashika mimi. Tochi utashika wewe."

Kabla hajajibu, kundi la wageni likamiminika kutoka kwenye ngazi, watu ishirini na zaidi, wanasukumana kuelekea uzio kila mmoja na simu yake juu. Mwalimu akawatazama nusu dakika. Akampa mumewe mkoba, akasimama, akapiga makofi mara tatu. Fundi akabaki kwenye benchi ameushika kwa mikono yote miwili, na ule mkoba ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.

"Inua kidogo," Mwalimu akasema bila kugeuka. "Unagusa chini."

Akauinua.